Mahali Maji Yanapokwama: Somo la Nyanda za Chumvi, kutoka Eliye Springs hadi Chalbi

Ukifika Eliye Springs, kabla hujaketi chini ya mkoma na kuagiza samaki, fanya jambo moja dogo. Nenda pale chemchemi inapotokea mchangani, chota maji kwa kiganja, yaonje. Kisha teremka hadi ziwani, chota tena, uonje bila kumeza. Ya kwanza ni matamu. Ya pili yana ukali wa magadi, na ukisugua vidole vyako vinateleza kana kwamba umeshika sabuni. Kati ya maji hayo mawili hakuna ukuta wala mlima. Kuna mchanga tu, na watoto wanaokimbia huku na huko.

Katika kazi yetu ya kutoa habari za kaunti, tunapokea maswali ya aina mbili ambayo kwa muda mrefu niliyaona hayahusiani. Wageni huuliza: ni wapi tunaweza kuliona lile jangwa jeupe la chumvi, linalong'aa kama kioo, tulilolionea kwenye picha? Wakazi wetu huuliza: kwa nini kisima kilichochimbwa kijijini kwetu kimetoa maji ya chumvi, na cha jirani ni kitamu? Mgeni anauliza habari za uzuri, mkazi anauliza habari za maji ya kunywa. Jibu lao ni moja, na linaanzia kwenye ile hatua fupi kati ya chemchemi ya Eliye na ziwa.

Ndoo ya lita 20

Tuanze na hesabu ambayo kila mama anayebeba maji anaweza kuifuata. Lita moja ya maji ya Ziwa Turkana ina takriban gramu 2.5 za chumvi za aina mbalimbali. Ndoo ya lita 20, basi, ina gramu 50, yaani karibu vijiko 10 vya chai. Ndoo kama hiyo ya maji ya bahari pale Malindi ingekuwa na gramu 700. Kwa hivyo ziwa letu lina chumvi kidogo sana likilinganishwa na bahari, lakini ni nyingi mno kwa maji ya kunywa kila siku.

Walimu wa shule za msingi wanaweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Mimina lita moja ya maji ya ziwa kwenye sufuria pana au karai, uliache juani mahali mbuzi hawafiki. Kwa jua la Lodwar hutasubiri sana. Maji yakiisha utaona utando mweupe chini ya sufuria, kiasi cha nusu kijiko. Uguse. Huo ndio uwanda wa chumvi, ila ni mdogo wa kutosha kubebwa mkononi.

Utando huo si chumvi ya mezani. Maji yanapopungua, madini hayajitokezi yote kwa wakati mmoja. Kwanza huganda chokaa, kisha magadi, na chumvi tuliyoizoea jikoni huwa ya mwisho. Maji ya ziwa letu yamejaa sodiamu na baikaboneti, ambazo ni asili ya magadi, ndiyo maana pH yake inakaribia 9.2 na vidole vinateleza. Wanaofua nguo ufuoni wanajua tayari: sabuni kidogo tu inatoa povu jingi.

Sasa rudi kwenye ile chemchemi. Maji ya Eliye yamesafiri chini ya mchanga, gizani, na kutokea ufuoni kabla jua halijapata nafasi ya kuyakausha. Yanatoka, yanamwagika, yanakwenda zake. Ziwa lenyewe haliendi popote.

Mchuzi uliosahaulika jikoni

Mto Omo unaotoka Ethiopia unaleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote yanayoingia Ziwa Turkana. Turkwel na Kerio zinaongeza kidogo, tena kwa msimu. Maji hayo yote ni matamu yanapoingia, ingawa kila lita imebeba chembe za madini zilizosuguliwa kutoka kwenye miamba ya milimani. Yakishaingia hayana mto wa kutokea. Njia pekee ni juu, kwa mvuke. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, lakini jua na upepo huondoa zaidi ya mita 2 za maji kutoka usoni mwa ziwa kila mwaka. Upepo ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani ndio unaolipangusa ziwa mchana na usiku.

Mvuke hauchukui chumvi. Kila mpishi anajua: mchuzi uliotiwa chumvi kwa kipimo, ukiusahau jikoni ukachemka hadi nusu, hauliki tena. Hujaongeza chumvi hata punje. Umepunguza maji tu.

Mwezi Machi 1888, msafara wa Sámuel Teleki, mtemi kutoka Hungaria, na mwenzake Ludwig von Höhnel ulifika kusini mwa ziwa baada ya kuvuka mawe ya volkano wakiwa na kiu kali. Walikimbilia maji yale safi, wakayakuta yana ladha ya chumvi. Waliliita ziwa kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, na jina hilo lilikaa hadi 1975. Wenyeji walikuwa wakiliita kwa majina yao karne nyingi kabla ya hapo, na hawakuhitaji kuambiwa ladha yake.

Ziwa lilipokuwa na mlango

Kuna msomaji atakayeuliza: kama ni mchuzi wa kukauka, mbona haujawa bahari hadi leo? Swali zuri. Sehemu ya jibu iko chini ya maji, kwa sababu matope ya sakafu ya ziwa hushika sehemu ya sodiamu na kuizika. Sehemu nyingine iko kaskazini-magharibi mwa kaunti yetu, kwenye uwanda wa Lotikipi.

Miaka kama 10,000 iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi Afrika Mashariki na hata Sahara ikiwa na nyasi, Ziwa Turkana lilikuwa juu ya kiwango cha nyakati zetu kwa mita zipatazo 80. Kwa urefu huo lilipata mlango. Maji yalifurika kupitia upande wa Lotikipi, yakaingia mito ya Sudan Kusini ya leo na kujiunga na Naili Nyeupe. Turkana na Misri zilikuwa kwenye mkondo mmoja. Ushahidi unauzwa sokoni Lodwar kila siku: sangara wetu ni samaki wa Naili, na hakuletwa kwa ndoo na mtu yeyote kama alivyopelekwa Ziwa Viktoria. Alikuja mwenyewe akiogelea. Mamba wetu vilevile.

Ziwa lenye mlango hubaki tamu, maana chumvi inatoka pamoja na maji. Kadiri miaka 5,000 iliyopita mvua zilipopungua, maji yakashuka chini ya kizingiti na mlango ukafungwa. Hesabu ya chumvi ya ziwa tunaloliona leo ilianza kuhesabiwa hapo.

Watu waliyashuhudia mabadiliko hayo. Ukienda Kalokol kutoka Lodwar utapita Namoratunga, zile nguzo za mawe zilizosimama kando ya barabara ambazo wazee husimulia kuwa ni watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Nguzo za namna hiyo kando ya ziwa zilianza kusimamishwa takriban miaka 5,000 iliyopita, wakati ule ule maji yalipokuwa yakirudi nyuma na mifugo ikianza kuenea huku. Kule Lothagam, watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba makaburi ya pamoja yenye nguzo yalihifadhi watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wengi wakiwa na mapambo ya mawe ya rangi. Ziwa lilikuwa likiondoka mbele ya macho yao, nao walikusanyika kujenga kitu cha kudumu. Leo ukisimama Lothagam maji yako mbali, na unakanyaga mchanga ambao wavuvi wa zamani waliuacha pamoja na vichwa vya mikuki vilivyochongwa kwa mifupa.

Weupe wenyewe

Ziwa Turkana, basi, liko katikati ya safari. Waliotangulia kufika mwisho wa safari hiyo ni majirani zetu wawili, na hapo ndipo jibu la mgeni lilipo.

Wa kwanza yuko kusini. Mlima wa volkano uitwao Barrier umelala kama boma kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Turkana, na nyuma yake ndiko lilipo Bonde la Suguta, mojawapo ya sehemu zenye joto kali kuliko zote Kenya. Zamani bonde hilo lilikuwa ziwa lenye kina cha mamia ya mita. Kilichobaki ni Ziwa Logipi, maji ya magadi yenye kina cha mita chache tu, yanayolishwa na chemchemi moto na mto Suguta unapopata nguvu. Mvua ikiwa nyingi, ziwa jingine la msimu, Alablab, hutokea kusini yake na mawili hayo huungana. Kiangazi kikikaza, kingo zote hubaki nyeupe.

Anayeliona Logipi kutoka angani huona rangi tatu zimewekwa pamoja pasipo kuchanganywa: weusi wa mawe ya volkano, weupe wa magadi, na kijani kizito cha maji yenye mwani. Juu ya kijani hicho kuna ukanda wa waridi unaosogea. Hao ni heroe, ndege ambao wengi tunawaita flamingo. Maji ambayo mbuzi hawezi kuyanywa ndiyo shamba lao. Mwani mdogo wanaoula hustawi kwenye magadi, na rangi ya manyoya yao inatokana na chakula hicho. Wanakula kichwa kikiwa juu chini, mdomo ukichuja maji kama chujio la chai.

Jirani wa pili yuko ng'ambo ya ziwa, katika Kaunti ya Marsabit, nyuma ya Mlima Kulal. Ni Chalbi. Kwa lugha ya Wagabra jina hilo hutafsiriwa kuwa mahali patupu penye chumvi, na sijaona maelezo mafupi yaliyo sahihi zaidi. Nalo pia lilikuwa ziwa, na enzi zile za mvua nyingi lilimwaga maji yake ndani ya Ziwa Turkana. Sasa ni sakafu tambarare kati ya North Horr, Kalacha na Maikona, inayoenea hadi jicho linaposhindwa.

Nilivuka Chalbi mara moja tu, na picha nilizopiga hazifai kuchapishwa. Kamera haiwezi kupima kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Asubuhi na mapema ardhi ina rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, na kila kokoto ina kivuli kirefu. Saa nne weupe unaanza kuumiza macho. Saa sita unaona maji. Yapo mbele yako, yanameremeta, na ngamia wanatembea ndani yake miguu ikiwa imekatika. Ukisogea yanasogea. Hayo ni mazigazi: hewa iliyo karibu na ardhi imepata joto kali kuliko ya juu yake, inaupinda mwanga wa mbingu na kuuleta machoni mwako kana kwamba umetoka chini. Unachokiona si maji, ni kipande cha anga. Lakini kilichonigusa ni kwamba mazigazi yanaonekana pale pale maji ya kweli yalipokuwa.

Jioni ndipo uwanda unapokuwa mwema. Jua likiwa chini, chumvi inachukua rangi yoyote inayopewa, kwanza dhahabu, kisha waridi, kisha zambarau. Ukimya wake ni wa aina yake, kwani hakuna jani la kutikiswa na upepo.

Mengi yamesemwa kuhusu maumbo ambayo chumvi hujichora juu ya nyanda kama hizi duniani, yale matuta membamba yanayokutana kama sega la nyuki, kila chumba kikiwa na upana wa mita moja hadi mbili. Iwe ni Marekani, iwe Iran, kipimo ni kile kile. Watu walidhani ni nyufa za kawaida za udongo uliokauka. Mwaka 2023, Jana Lasser na wenzake walichapisha maelezo mengine. Chini ya ganda kuna maji ya chumvi kwenye mchanga. Yale ya juu yakipoteza mvuke yanazidi chumvi, yanakuwa mazito na kuzama. Yaliyo mepesi zaidi yanapanda kuchukua nafasi yao, kama uji unavyojizungusha sufuriani. Pale yanapozama ndipo chumvi inapokuwa nyingi, na tuta linakua juu yake. Kwa maneno mengine, uwanda unaoonekana umekufa una mzunguko wa maji chini yake usiolala.

Kwa kulinganisha tu: Salar de Uyuni ya Bolivia, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote duniani, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na watalii huifuata toka kila bara. Karibu nasi zaidi, kwenye Bonde hili hili la Ufa, Waafar wa Ethiopia hukata chumvi kwa mabamba katika uwanda wa Danakil, ulio chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 100, na kuibeba kwa ngamia. Na Wakenya wote wanaijua Magadi huko Kajiado, ambako magadi yamechimbwa kibiashara tangu 1911.

Ganda lisilobeba gari

Hapa niingize kisa changu, kwa sababu huenda kikamwokoa mtu. Katika safari hiyo ya Chalbi, gari tulilokodi liliiacha njia iliyozoeleka. Ardhi ilionekana imara kuliko lami. Mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyotangulia, juu pakakauka na kuwa peupe, chini pakabaki matope. Ganda lilivunjika kwa sauti kama ya sahani, na magurudumu yakazama hadi kwenye ekseli. Tulichimba kwa saa nne, kwa sepetu moja na sahani za chakula. Waliotuokoa ni vijana wachungaji waliotuonyesha jambo ambalo tungeuliza mapema: njia ya ngamia ndiyo njia. Ngamia hakanyagi asipopaamini.

Wachungaji hao hawaendi kwenye uwanda kutazama machweo. Mifugo inahitaji chumvi, na wafugaji wa pande zote za ziwa wanajua ni wapi udongo wa kulambwa ulipo na ni wakati gani wa kuwapeleka wanyama. Magadi nayo yana kazi nyumbani: hulainisha maharagwe na mahindi makavu, na wazee wanaotafuna tumbaku hawaioni kamili bila kipande cha magadi.

Chumvi ya jikoni ni jambo tofauti. Ile inayotumika kuhifadhi samaki wa Kalokol, wanaosafiri hadi Busia na kuvuka kwenda Kongo, na ile unayonunua dukani Kakuma, kwa kawaida imetoka pwani ya Kilifi, upande wa Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa mapana hadi jua liyakaushe. Kanuni ni ile ya karai lako la somo. Tofauti ni kwamba chumvi ya dukani imeongezwa madini ya ayodini yanayokinga uvimbe wa shingo uitwao rovu. Kwa sababu hiyo tafadhali usiugeuze utando wa ziwa kuwa kitoweo cha familia.

Swali la kisima

Nimemweka mkazi aliyeuliza kuhusu kisima hadi sasa kwa sababu jibu lake lilihitaji yote yaliyotangulia. Maji ya chini ya ardhi nayo hukwama. Pale yanapotembea na kupata maji mapya, kama kando ya mto Turkwel ambako visima vya Lodwar vinategemea maji yanayonywea kutoka mtoni, mara nyingi hubaki matamu. Pale yanapokaa muda mrefu ndani ya udongo wa ziwa la kale, huyeyusha madini yaliyoachwa humo. Ndiyo maana visima viwili vilivyotenganishwa na umbali mdogo vinaweza kutoa maji tofauti kabisa, na mchimbaji hana kosa.

Tulijifunza hilo kwa uchungu. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kupatikana kwa hifadhi kubwa za maji chini ya ardhi ya Turkana, Lotikipi na Lodwar. Furaha ilikuwa kubwa, na magazeti yakaandika kwamba ukame umepata dawa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kunywewa bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama. Lotikipi, mkumbuke, ndiko ulikokuwa ule mlango wa zamani wa ziwa.

Ulimi pia una mipaka. Unaweza kuonja chumvi, lakini hauwezi kuonja floraidi. Kipimo cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya Ziwa Turkana yanakizidi mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji kama hayo wakati meno ya utu uzima yanaumbika atayaota yakiwa na madoa ya kahawia, na kiwango kikizidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Kuchemsha hakusaidii. Kumbuka mchuzi: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki yote na maji yanapungua. Kwa hivyo kisima kipya, hata kikiwa kitamu namna gani, kipimwe maabara kwanza kupitia ofisi ya maji ya kaunti ndogo yako, na kamati ya maji idai kuyaona matokeo kwa maandishi.

Wakulima wanaomwagilia wana fungu lao katika somo hili. Ukiona weupe unajitokeza kwenye kingo za matuta ya shamba, uwanda wa chumvi umeanza kujijenga kwako. Maji unayoyaleta yanaacha madini yake na hayana pa kutokea. Chimba mfereji wa kuyatoa mapema. Kuongeza maji bila kuyafungulia njia ni kuongeza chumvi.

Ziwa linakwenda wapi?

Waliokuwa Kalokol mwishoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kusimuliwa. Maji ya ziwa yalishuka, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na mahali walipokuwa wakivua ngege pakawa uwanda. Miongo mitatu baadaye, kuanzia 2019 na 2020, maji yalipanda kwa kishindo, yakala ufuo, na hata hapo Eliye mikoma iliyokuwa nchi kavu ikajikuta miguu majini. Familia zilihama katika nyakati zote mbili. Maji yanapopanda chumvi huchanganyika na kupoa. Yanaposhuka hukolea, na samaki wanaozaliana kwenye maji ya kina kifupi ndio wa kwanza kuumia.

Kwa kuwa uhai wa ziwa unategemea Omo, yanayofanyika juu ya mto huo yanatuhusu moja kwa moja. Bwawa la Gibe III lilianza kujazwa 2015 na kuzinduliwa rasmi 2016, na mashamba makubwa ya miwa yanamwagiliwa kutoka mto huo huo. Bwawa linaweza kuyarudisha maji baada ya kuzungusha mitambo, lakini shamba haliyarudishi yote. Mwaka 2018 hifadhi za Ziwa Turkana, ambazo ni Urithi wa Dunia tangu 1997, ziliwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Mvua za miaka ya karibuni zimefanya wengi wetu tulisahau jambo hilo, kwa kuwa shida ya sasa ni maji kujaa. Chalbi nalo liliwahi kujaa.

Kwa wanaotaka kwenda kujionea: Eliye Springs iko kilomita zipatazo 60 kutoka Lodwar, ukiacha barabara ya Kalokol na kuingia njia ya mchanga, na ni heri gari lenye nguvu. Chalbi hufikiwa kupitia Marsabit au Loiyangalani, na miezi ya kiangazi ndiyo salama. Logipi si mahali pa kwenda kwa kubahatisha. Zungumza kwanza na chifu na maafisa wa usalama wa eneo, chukua mwenyeji anayelijua bonde, na bebeni maji zaidi ya mnayodhani yatatosha, maana kule mtakayokuta ni ya heroe.

Shule zitakazofanya jaribio la karai zinaombwa kulifanya mara mbili, kwa maji ya ziwa na kwa maji ya kisima cha shule, vyombo viwili vikiwa kando kwa kando. Pimeni lita sawa, andikeni tarehe maji yalipokauka, na mlinganishe kilichobaki chini.